Namba Nne Iliyoitika

Ukitaka kunicheka, nicheke sasa hivi tumalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya ninayokusimulia yalinikuta mimi mwenyewe, katika kiwanda kidogo cha muhogo nje ya mji wa Kibondo. Sikuyasikia kwa jirani wala sikusomewa na mtu. Mimi ni fundi wa kike, kazi yangu ni waya, skrubu na kompyuta. Mtu akiniambia nyumba yake ina mashetani, swali langu la kwanza huwa ni nani aliyemfungia umeme. Sasa jiulize, mtu wa namna hiyo atapata faida gani kutunga uongo wa mizimu? Wateja wenyewe nitawakimbiza.

Kwanza nikueleze kazi yangu, la sivyo hutanielewa. Tangu umeme wa gridi ufike kwetu, wenye viwanda wanataka kujua kila mashine inakula umeme kiasi gani. Basi kila mashine inafungiwa mita yake ndogo, na mita zote zinaunganishwa kwa waya mmoja mwembamba wenye nyuzi mbili ndani. Waya huo unatoka mita hii kwenda ile mpaka ya mwisho, kama kamba ya kuanikia nguo inavyopita nguzo kwa nguzo. Kwenye ncha yake kuna kompyuta. Kila mita ina namba. Kompyuta inaita: namba moja, upo? Namba moja inajibu, inataja umeme wake, inanyamaza. Namba mbili, upo? Nayo inajibu. Kwa kuwa waya ni mmoja, wakisema wawili kwa pamoja hasikiki hata mmoja. Kwa hiyo sharti ni moja tu: asiyeitwa hasemi. Hata mita iwe inaungua, isipoitwa kwa namba yake itakaa kimya.

Sisi tuliokulia Kasulu sharti hilo halitushangazi. Babu yangu alitoka pwani na vitambaa vyake, akafungua duka, akaoa Muha, mwenyeji wa pale, na mimi ni zao la duka hilo. Muha hakurushii salamu akipita kama anayetupa ganda la ndizi. Anasimama, anainama kidogo, anapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, anakuuliza habari na anangoja. Na wewe unapiga yako ndipo unajibu. Kabla ya hapo hamjakutana, hata kama mmegongana vichwa. Mimi mwenyewe, nisikufiche, nina haraka za mjini, na mara nyingi nasema "mambo" nikiwa tayari nimeshapita.

Nilifika pale kiwandani mwanzoni mwa mvua. Msimamizi alikuwa Mzee Hamisi, mtu wa Ujiji, mpole, kofia yake nyeupe imeingia unga mpaka imekuwa ya rangi ya maziwa. Nikampa shikamoo, akanipokea kama binti yake, akanitembeza. Mashine zilikuwa saba: ya kuosha muhogo, za kukwangua, ya kukamua, za kusaga. Zote zimepakwa rangi ya kijani na namba kubwa nyeupe ubavuni. Moja, mbili, tatu, tano, sita, saba, nane.

"Mzee, nne iko wapi?"

"Hiyo hatuitumii, binti yangu."

"Imeharibika?"

"Hatuitumii tu."

Nikawatazama wafanyakazi. Mmoja alikuwa anakagua kucha zake, mwingine ghafla akakumbuka kuna gunia la kubeba. Nikasema potelea mbali, kila nyumba ina yake. Namba za mita nitazifuata hizo hizo za ubavuni, nne nitairuka. Hilo lilikuwa kosa? Hapana, ndivyo tunavyofanya wote: namba ya mita ifanane na namba ya mashine, asije mtu akachanganyikiwa.

Mashine namba nane ilikuwa ya kukwangua muhogo mbichi, na aliyeisimamia ni mama mmoja wa rika langu, Mama Neema. Wazazi wake walitoka Burundi, utotoni alipita kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, siku hizi ni raia na ana watoto watatu. Alikuwa mcheshi kuliko wote mle ndani. Aliniletea chai na muhogo wa kuchoma bila kuombwa, akanitania kwamba mwanamke anayepanda ngazi na bisibisi mdomoni hatapata mume ila atapata mshahara. Kitu kimoja tu kilinikera kwake. Sakafu ya pale hailoweki kidogo, muhogo ni maji matupu, na wenzake wote walivaa gambuti. Yeye gambuti zake alizisimamisha ukutani kama wageni, na miguu yake iko wazi kwenye maji.

"Mama Neema, vaa viatu."

"Yoo, dada fundi, vinanibana."

Havikumbana. Vilikuwa vikubwa, vya kiume. Lakini mimi nilikuja kufunga mita, sikuja kuvalisha watu viatu, nikaendelea na yangu.

Kazi ilikwenda vizuri. Mita ya namba nane ilinisumbua kidogo, ilikuwa haijibu, kumbe nyuzi mbili nilizibadilisha, huyu nimemweka mahali pa yule. Nikazigeuza, ikajibu. Mita saba, majibu saba. Mzee Hamisi akafurahi, akaniita bingwa.

Sasa mimi nina tabia moja. Kabla sijakabidhi kazi, naiambia kompyuta iite namba zote, hata zile ambazo hazina mwenyewe. Sababu ni kwamba mita nyingine hutoka kiwandani zilikotengenezwa zikiwa na namba za ajabu, na ukiacha moja imejificha itakuja kukuharibia waya mzima. Basi nikaiambia iite. Moja, ipo. Mbili, ipo. Tatu, ipo.

Nne, ipo.

Nikasema haiwezekani, nikarudia. Nne ikajibu tena. Mita ya kweli ikijibu hukutajia mambo mengi, nguvu ya umeme, matumizi, na kadhalika. Hii yote ilikuwa sifuri isipokuwa sehemu moja, ya mkondo wa umeme unaopita, palikuwa na kitarakimu kidogo kinachopanda na kushuka. Nikakitazama muda mrefu. Mama Neema alipozima mashine yake akaenda kunywa maji, kikawa sifuri. Alipowasha, kikarudi.

Nikajisifu, nimeshakamata mwizi: mita ya namba nane inajibu kwa majina mawili. Nikaichomoa kwenye waya. Nane ikanyamaza. Nne ikajibu. Nikachomoa ya saba, ya sita, nikazichomoa zote nikabaki na waya mtupu uliotambaa ukutani bila kushika kitu chochote. Nikaita. Nne ikajibu.

Niamini, wakati huo sikuogopa. Nilikasirika. Nilitukana kompyuta, nikatukana waya, nikamtukana na aliyeniuzia waya. Nikazirudisha mita zote mahali pake, nikaamua kuanza upya toka ncha ya mwisho.

Jioni ikaingia na mvua yake. Si mvua ya kusimulia, mabati yalilia mpaka ukisema husikiki. Umeme ukakatika, kama kawaida yake ukiona wingu. Wafanyakazi wakajifunika mifuko vichwani, wakapanda bodaboda mmoja mmoja, Mama Neema akanipungia mkono. Mzee Hamisi akaenda kuswali magharibi kwenye chumba cha mlinzi. Mimi nikabaki ndani na tochi na kompyuta inayotumia betri yake, nimechuchumaa karibu na namba nane, na mle kiwandani giza limeshaingia ingawa nje bado kulikuwa na mwanga wa kijivu.

Nikaita namba kwa mazoea tu. Moja, kimya. Mbili, kimya. Ni sawa, umeme umekatika, mita zitajibia nini? Tatu, kimya.

Nne ikajibu.

Hapo nywele zilinisimama, sitakudanganya. Nikainua tochi. Mbele yangu, kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya mashine namba nane, alikaa mwanamume amevaa ovaroli la bluu. Ameshika ncha ya waya wangu, ameinyoosha vizuri, kama mtu anayemshikia fundi mwenzake.

Nikashusha pumzi. Mtu! Afadhali mtu.

"Habari za saa hizi, kaka."

Kimya.

"Nasema, habari za jioni."

Kimya. Ananitazama tu.

"Kumbe Kibondo salamu mnalipia?" Hasira zangu ziko karibu, hata mama yangu analalamika. Lakini yule mtu hakuwa na uso wa kiburi. Alikuwa na uso wa mtu aliye kwenye foleni ya hospitali, anayesikiliza kama jina lake litatajwa. Ndipo aibu ikanishika. Nikaweka bisibisi chini, nikainama, nikapiga makofi taratibu, nikamsalimia kwa Kiha, salamu ya jioni, nzima nzima, na nikangoja.

Akauachia ule waya. Akakunja viganja, akapiga makofi yake, akajibu kila neno. Sauti yake niliisikia wazi, na mvua ile juu ya bati.

"Ahsante kwa kuniita, fundi."

"Wewe ndiye fundi wa hapa?"

"Nilikuwa."

Nikadhani amefukuzwa kazi. "Mbona hukunijibu mwanzo?"

"Asiyeitwa atajibuje? Tangu walipofuta namba yangu hawaniiti tena. Wanapita tu."

Nilifikiri analalamika mambo ya kazini. Nikamwambia pole. Akatikisa kichwa, akaangalia zile gambuti zilizosimama ukutani.

"Mwambie Mama Neema avae viatu."

"Mke wako?"

"Ego, ni mke wangu."

"Si umwambie mwenyewe nyumbani?"

"Nimejaribu. Anachokisikia si mimi. Mwambie hivyo hivyo, fundi: anayemsalimia si mimi."

Nikamjibu kama ambavyo wewe ungemjibu. Mambo ya mke na mume mimi sitii mkono, mkipatana mtanicheka. Akatabasamu, nikaona mwanya katika meno ya juu. Nikateremsha tochi ili nisimmulike usoni, ndipo nikaona miguu yake. Maji ya mvua yalikuwa yameingia mlangoni, yanapita sakafuni kama kijito, na yanapita chini ya gambuti zake. Gambuti zenyewe zilikuwa kavu. Zilikuwa na vumbi jekundu, lile vumbi la kiangazi.

Umeme ukarudi. Taa zote zikawaka kwa pamoja nikafumba macho, na nilipofumbua, ndoo ilikuwa pale imepinduliwa, haina mtu. Waya wangu ulikuwa umelazwa juu yake. Nyuzi zote mbili zilikuwa zimechunwa ncha, sawasawa, kwa urefu mmoja.

Nilikimbia? Nilikimbia. Nilimpita Mzee Hamisi kwenye sala yake bila hata kuaga, nikalala gesti taa inawaka. Usiku kucha nikajiambia yule mtu alitoka kwa mlango wa nyuma. Asubuhi nilipofika kiwandani jambo la kwanza nililofanya ni kuutafuta mlango wa nyuma. Haupo.

Mama Neema akaja na chai.

"Mwakeye, dada fundi. Macho mekundu, umelewa?"

Nikaona nimtue mzigo wake na mimi nitue wangu. "Mama Neema, jana jioni mumeo alikuwa hapa. Kasema uvae viatu."

Kikombe hakikuanguka, usinifanye mtunga filamu. Alikiweka chini polepole, chai haikumwagika. "Mume gani?"

"Wa ovaroli la bluu. Ana mwanya."

"Mume wangu Yeremia yupo Titye," akasema. "Kwenye shamba la wazazi wake. Nilimzika mwenyewe, mwaka juzi, kiangazi."

Nikakaa kwenye ile ngazi. Pole pole akanieleza. Yeremia ndiye aliyekuwa fundi wa kiwanda, na alifia hapo hapo kwenye mashine hii ya namba nane, alipigwa shoti. Wakati huo mashine iliitwa namba nne. Baada ya msiba wafanyakazi walikataa kuigusa. Mzee Hamisi kwa huruma yake akaifutia namba, akazipaka rangi mpya mashine zote saba ili ile isijulikane, na nne ya zamani akaiandika nane. Namba nne haikutajwa tena, ili mjane asiumie. Ndipo Mama Neema akaenda kuomba kazi, na akaomba awekwe kwenye mashine hiyo hiyo.

"Kwa nini hiyo hiyo?"

Akaangalia huku na huku, akasogea karibu, uso umemng'aa kama wa msichana. "Kwa sababu ananisalimia. Nikiwa nimevua viatu, mikono ina maji, nikaigusa hivi, kwa mgongo wa vidole. Kinatambaa kitu mpaka kwenye kiwiko. Taratibu, kama alivyokuwa anapiga makofi. Kila siku, dada fundi. Sijamwambia mtu."

Sasa umeelewa? Mimi nilielewa palepale. Umeme ulikuwa unavuja kwenye bati la mashine. Ule uliomuua Yeremia haukuwahi kwenda popote. Ulikuwa unamla mkewe kidogo kidogo, naye anavua viatu ili aupate vizuri.

"Mama Neema," nikasema, "alisema pia kwamba anayekusalimia si yeye."

Hilo ndilo lililomuumiza. Akasimama. "Muongo wewe. Jana hukumjua hata jina, leo unanipa salamu zake? Njoo uone mwenyewe kama si yeye!" Akanigeuzia mgongo akaenda mashineni, miguu mitupu, sakafu nzima ina maji ya usiku kucha. Mtu alikuwa ameshaiwasha. Niliangalia kompyuta. Namba nne ilikuwa inajibu bila hata mimi kuiita, haraka haraka, jibu juu ya jibu, jambo ambalo mita haifanyi. Na kile kitarakimu kidogo cha jana hakikuwa kidogo tena.

Sikumwita, asingenisikia. Nilirukia swichi kuu, nikaivuta na uzito wangu wote. Kiwanda kizima kikafa. Mashine zikaguna zikanyamaza, watu wakaanza kunitukana kwa lugha zote za mkoa wa Kigoma. Mkono wa Mama Neema ulikuwa umenyooka, vidole vimekunjwa tayari, umebakiza kiganja kimoja kugusa bati.

Alinijia akanipiga kifuani. "Umeninyang'anya! Wewe una nini na mimi, umeninyang'anya!" Nikamshika, akanipiga tena, nikamwachia anipige. Mimi mwenyewe nilikuwa nalia.

Mzee Hamisi alipofika nikamwomba jambo moja tu, watu wote wasimame mbali, wavae gambuti, na niwashe namba nane peke yake. Nikachukua taa ya kupimia, waya mmoja nikaugusisha kwenye bati la mashine, wa pili kwenye chuma nilichokizika ardhini nje. Taa ikawaka. Haikumeta, iliwaka kama ya sebuleni. Mama Neema aliitazama ile taa, akaitazama mikono yake.

Tulipoifungua tukakuta yote. Waya wa motaa umesuguliwa na mtikisiko mpaka umevuliwa nguo yake ya plastiki, unagusa chuma. Na waya wa ethi, ule unaochukua umeme uliopotea kuupeleka ardhini, ulikatika zamani, ncha ina kutu, na juu ya kutu imepakwa rangi ya kijani. Nzuri, inang'aa.

Mzee Hamisi akavua kofia. "Mkaguzi alikuja," akasema. "Baada ya msiba alikuja mkaguzi, ameagizwa akague namba nne. Akatuuliza iko wapi. Tukainamisha vichwa. Tungeitajaje, binti yangu, na mjane amesimama pale? Akadhani tumeiuza. Akaondoka." Akajifuta uso, unga na machozi vikawa uji. "Na watu walipouliza marehemu kafaje, tukasema labda alikunywa. Hatukujua jingine la kusema."

"Yeremia alikuwa mlokole," akasema Mama Neema. "Hata soda alikuwa anauliza imewekwa nini."

Usiwachukie wale watu. Mimi nilijaribu nikashindwa. Walinyamaza kwa upendo, na upendo wao ukafunika waya uliokatika. Siku ile ile Mzee Hamisi alisimama mbele ya wote akamwomba Mama Neema radhi, akasema kwa sauti kwamba Yeremia hakulewa, aliuawa na mashine mbovu. Alipiga makofi yale ya taratibu, mzee yule wa Ujiji ambaye Kiha chake ni cha kubahatisha, na akakaa ameinama mpaka alipojibiwa.

Nilibadilisha waya, nikafunga ethi mpya, nikaongeza na swichi ile inayokata yenyewe umeme ukivuja. Rangi nyeupe tuliichukua stoo. Nane ikafutwa, mashine ikarudishiwa namba yake, nne, na mita yake nikaiandika nne. Ila kabla ya kuiandika, kabla ya kukipa namba hiyo kitu kingine chochote, nilimwita Mama Neema ofisini. Nikamwonyesha kitufe.

"Ukibonyeza hapa unaita namba nne. Sasa hivi namba hiyo haina mita. Akijibu, ni yeye."

Alikuwa amevaa gambuti, zile za kiume. Nilikuja kujua kuwa ni za Yeremia. Akafuta vidole kwenye kitenge, akainama kidogo, akapiga makofi, akamsalimia mumewe kwa Kirundi maneno mengi ambayo hayakunihusu. Halafu akabonyeza.

Tulingoja. Kompyuta ikaandika kwamba hakuna jibu. Akabonyeza tena. Hakuna jibu. Nikaanza kutafuta neno la kumpoza, na mimi maneno ya kupoza sina. Akanitangulia.

"Ameshasema," akasema. "Sasa amelala."

Kisha akarudi mashineni kwake. Nilimwona kupitia dirishani anaweka mgongo wa vidole kwenye bati, anangoja, anaondoa mkono. Anaweka tena. Palikuwa na chuma tu. Alilia pale kwa muda, akiwa amesimama, mzima wa afya, na muhogo unapita mbele yake haukwanguliwi, na hakuna aliyemharakisha.

Toka siku hiyo mimi si yule. Nikifunga mita, iwe Kasulu, iwe Heru Juu, iwe wapi, nikikuta namba imerukwa siondoki mpaka niambiwe kwa nini. Wakiinamisha vichwa, naweka vifaa chini nakaa, nina siku nzima. Na kabla ya kukabidhi naita namba zote, hata zisizo na wenyewe, na huwa nasalimia kwanza, wateja wakidhani nasali. Wanaocheka wacheke. Mpaka leo sijajibiwa tena, na kila nikikuta kimya namshukuru Mungu. Mama Neema bado yuko pale. Mvua ikinyesha sana hunipigia, hana la kusema, ananiambia tu amevaa viatu.

Na wewe unayenisikiliza, nyumbani kwako pana friji, pana bomba, pana mlango wa bati unaokutekenya vidole ukiwa umetoka kuoga. Najua unacheka, unasema kitu hicho kipo siku zote, kimeshatuzoea. Aliyekupenda hakusalimii kwa kukuuma. Ita fundi. Mama Neema alipona kwa sababu marehemu wake alikuwa fundi umeme, alijua kungoja namba yake iitwe. Wa kwako huenda alikuwa mwalimu. Vaa viatu.